Nani Alipanda Paa la Kumi na Saba

Asubuhi niliyokutana na Fundi nilikuwa nimetoka chumbani Al Mansoura, mtaa mmoja wa Doha, bila kujua ninakwenda wapi. Mkataba wangu wa kulinda mlango wa jengo moja kule West Bay ulikuwa umeisha, wenzangu sita wa chumbani walikuwa kazini, nami sijawahi kuweza kukaa kitandani jua likishatoka. Ndivyo nilivyo tangu nilipoacha shule darasa la saba: nikiona njia ambayo sijaipita, miguu inaniwasha. Nilifuata ukuta mrefu mweupe hadi kwenye lango lililoachwa wazi, nikaingia kuchungulia. Kwenye mlango wa nyuma wa nyumba ya kwanza nikaona mtu mzima amelala kifudifudi sakafuni, shavu limegusa vigae, anazungumza na kabati.

"Umeshiba wewe?" alikuwa akiuliza. "Mbona rangi hiyo? Nani hajakupa hewa?"

Nilisimama kwa sababu kilikuwa Kiswahili.

"Mzee, unaongea na nani?"

Hakugeuka. "Na moto. Na wewe?"

"Na wewe."

"Basi mimi nina shida mbili. Nipe hiyo brashi."

Nikampa brashi, nikakaa naye misimu miwili.

Sitamtaja jina. Kule kampaundi, kwenye nyumba zile za ndani ya ukuta mweupe, hakuna aliyelitumia. Mabibi wa nyumba, walinzi, hata msimamizi wetu Mhindi walimwita Fundi tu, na yeye aliitika kama mtu anayeitwa kwa cheo. Tena, baada ya nililomtendea, sioni kama jina lake ni langu la kulitembeza.

Kazi yenyewe lazima niieleze. Nyumba nyingi za Doha hupasha maji kwa umeme, lakini kampaundi ile ilikuwa ya zamani, nyumba arobaini zilizofanana kama mayai, na aliyeijenga alipenda gesi. Nyuma ya kibanda cha mlinzi kulikuwa na tangi kubwa, na kutoka hapo mabomba yakaingia kila nyumba hadi kwenye kabati nyuma ya jiko, palipokuwa na hita ya maji. Ukuta wa kabati hilo ulipakana na chumba cha mfanyakazi wa nyumbani na bafu lake dogo. Juu ya hita kulikuwa na bomba la moshi lililotoboa dari hadi paani, likiwa na kofia ya bati. Mara moja kwa mwaka, joto likianza kulegea mwezi wa kumi, tulifungua hita zote arobaini, tukazisafisha, tukaziwasha mbele ya wenyewe.

Kwa nini mwezi wa kumi? Kwa sababu kiangazi cha huko kinageuza mambo. Tangi la maji juu ya paa hupikwa na jua, na bomba la maji baridi hutoa maji ya kuchoma ngozi. Basi watu huzima hita, na maji yaliyolala ndani yake, kivulini, ndiyo huwa ya baridi. Anayetaka kuoga baridi hufungua bomba la moto. Fundi alinieleza haya siku ya kwanza, akacheka hadi machozi yakamtoka. Alikuwa mtu wa kuona raha kwenye vitu vilivyogeuka. Lakini hita iliyozimwa miezi mitano haikai tupu. Masizi yanakauka, vumbi la jangwani linaziba tundu za moto, na njiwa wanaona bomba la moshi lisilotoa moshi wanadhani wamejengewa.

Njiwa walikuwa udhaifu wake. Hakutupa kiota chenye mayai. Tulikuwa tunakitoa kama kilivyo, tunakiweka ukutani kivulini, halafu nyumba ile inasubiri hadi njiwa mama amekubali kukihamia. Msimamizi alifoka siku moja.

"Fundi, kila nyumba nusu saa! Yalla! Wewe unangoja ndege?"

"Nangoja mpangaji ahame," Fundi akamjibu. "Hata wewe ungepewa notisi."

Aliniita Profesa, kwa kejeli kwanza, kisha kwa mazoea, kwa sababu nilikuwa nauliza. Kwa nini moto uwe wa buluu? Kwa nini moshi upande? Sumu ya moshi isiyo na harufu, nani aliijua kwanza kama haina harufu? Wasimamizi wengine walinifukuza kwa maswali kama hayo. Yeye aliweka spana chini, akajibu, na pale asipojua alisema, "Hapo nimefika mwisho wa shamba langu, Profesa. Kamuulize jirani." Alinifundisha kwamba moto wa njano ni moto unaokosa pumzi. Kila hita ikishawaka dakika kumi alishika kioo kidogo cha kunyolea pale hewa inapoingia kwenye bomba; kioo kikipata ukungu, basi moshi unarudi nyumbani badala ya kutoka. Alikunywa chai akisubiri dakika hizo kumi, na hakuna bibi wa nyumba aliyeweza kumharakisha, isipokuwa mmoja, nami nitafika kwake.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa sukari. Alimwambia mkewe kwenye simu kwamba ana ofisi yenye dirisha. Alinikataza nisilale chumba kilichofungwa, naye chumba chake kilizibwa kila tundu, kiyoyozi kikinguruma, nguo chafu zimejaa hadi kwenye godoro. Mtu aliyeishi kwa kupasha maji ya wengine hakuoga maji ya moto hata mara moja. Alisema yanamlegeza kama ugali uliokosa unga. Na alikuwa mwepesi wa kununa. Ukimwambia kazi yake ni ya usafi, hakukusemesha siku mbili.

Goti lake la kulia lilikuwa bovu, ndiyo sababu alinihitaji. Yeye alibaki chini na moto, mimi nilipanda paani. Nilifungua kofia ya bomba, nikatoa kiota au mchanga, nikapitisha brashi ndefu, nikarudisha kofia. Mwisho niligonga bomba kwa spana mara tatu. Mlio ulishuka hadi kwenye kabati, na Fundi akisikia hodi hizo tatu alijua njia iko wazi. Hapo ndipo alipotia sahihi kwenye kadi iliyokaa ndani ya mfuniko wa hita. Sahihi yake ndiyo iliyokubaliwa na kampuni, maana yeye ndiye aliyekuwa na cheti. Mimi nilikuwa na hodi tu.

Siku chache za msimu wa pili nilipougua tumbo alipanda mwenyewe, goti likimlia, paa tano au sita. Kumbuka hilo. Mimi nililikumbuka siku ambayo sikupaswa.

Nyumba namba kumi na saba tuliifikia mchana wa siku ya tisa ya msimu wetu wa pili. Mfanyakazi wa nyumba ile alikuwa Mkenya, dada mmoja mcheshi aliyetupa chai yenye tangawizi akitutania.

"Nyinyi wawili ni kama mke na mume," alisema. "Huyu anapika, huyu anapanda dari."

"Mke gani huyu?" Fundi akasema. "Anauliza maswali kuliko mama mkwe."

Nikapanda nikicheka. Mwaka ule minara ya West Bay ilikuwa inaota kama uyoga, na kutoka paa lile niliiona yote, na upande mwingine, mbali, mahali ambapo walikuwa wanamwaga mchanga baharini kutengeneza kisiwa cha watu kuishi, kile cha The Pearl. Kreni moja ilikuwa inainua kioo kikubwa kama ukumbi. Nilitaka kuona watakipokeaje juu. Upepo ukakizungusha, watu wawili wadogo kama siafu wakanyoosha mikono. Sijui nilisimama muda gani.

"Profesa!" Fundi akaita kutoka chini. "Umelala? Bibi anakwenda kupokea mgeni uwanja wa ndege, anataka kufunga nyumba!"

Kile kioo kilikuwa bado hewani. Sikutaka kukikosa. Nikainama, nikagonga bomba mara tatu, nikainuka nikaendelea kutazama. Kofia sikuigusa.

Chini, Fundi alisikia hodi zake, akatia sahihi. Bibi wa nyumba alikuwa ameshika funguo mkononi, mgeni wake anatua, na kwa mara moja katika misimu yote miwili Fundi hakupewa dakika zake kumi za kioo. Alitegemea mlio.

Baridi ya kwanza ilikuja baada ya majuma matatu. Dada yule akawasha maji ya moto, akaingia bafuni mwake, akafunga mlango. Watoto wa nyumba ndio waliosikia kishindo alipoanguka. Alikaa hospitali siku nne. Hakufa, namshukuru Mungu, lakini kwa muda mrefu hakuweza kukumbuka majina ya watoto aliowalea, na mwishowe akarudishwa nyumbani na kichwa kinachomuuma. Juu ya bomba walikuta kiota kimeshikamana na mchanga kama kizibo.

Msimamizi alituita wawili kwenye stoo. Alizunguka huku na huku, maana na yeye alikuwa na wa juu yake.

"Nani alikwenda juu, kumi na saba? Nani?"

Fundi alinigeukia. Hakunigeukia kwa kunishuku. Alitaka tu nimkumbushe, kama mtu anavyomuuliza mwenzake funguo ziko wapi. "Si ulipanda wewe, Profesa? Nilisikia hodi."

Hapa ningependa kuandika kwamba niliogopa sana, kwamba niliona jela, kwamba maneno yaliponyoka. Haikuwa hivyo. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nilifikiria nyumba arobaini zinazofanana, nikafikiria zile siku nilizougua tumbo, nikaona uongo ulipo na jinsi utakavyokaa vizuri. Kisha nikasema kwa upole, upole ndio unaoniuma zaidi:

"Hodi ile ilikuwa ya kumi na sita, Mzee. Kumi na saba ulipanda mwenyewe. Ile siku ya tumbo langu. Hukumbuki?"

Aliniangalia. Nikaona akienda kutafuta ndani ya kichwa chake, akirudi mikono mitupu. Ukimwambia mtu mwaminifu kwamba amesahau, anaanza kwa kujishuku yeye, si wewe.

"Nilipanda?" akauliza.

"Ulipanda, Mzee. Ukalalamika goti."

"Kweli, goti liliniuma," akasema taratibu. Akamgeukia msimamizi. "Basi ni mimi. Nimesahau kufungua kofia. Andika hivyo."

Walimtoa kwenye hita, wakamweka stoo agawe balbu na vitasa. Mimi nikapewa brashi, spana, na kioo chake cha kunyolea. Kwa kukosa mwingine, kampuni ikaniruhusu kutia sahihi kadi.

Kila jioni siku zile nne alikwenda hospitali kumwomba dada yule msamaha. Mimi sikwenda. Nilimpa Fundi machungwa ampelekee. Alirudi akaniambia, "Amekushukuru sana. Anasema una roho nzuri."

Halafu yakaanza mambo ambayo sikuyatarajia. Nilidhani nimemwangushia kosa moja, kosa la siku moja. Sikujua nimemwondolea kitu anachosimamia. Alirudi mara tatu kuangalia kama amefunga stoo. Alisimama mbele ya sahani akiuliza kama ameshakula. Yeye ni Mwislamu, alisali kwenye kona ya stoo kati ya makopo ya rangi, na siku moja akanisimamisha mlangoni.

"Profesa, wewe unakumbuka vizuri. Kaa hapo unihesabie rakaa. Siku hizi nikifika ya tatu sijui kama ni ya tatu."

"Mzee, mimi ni Mkristo."

"Kuhesabu ni kuhesabu. Nne. Nikizidisha, kohoa."

Nikakaa juu ya kopo la rangi, nikamhesabia. Hakukosea hata mara moja, si siku ile wala siku zilizofuata. Alisali rakaa nne kamili, akatoa salamu, kisha akanigeukia mimi niliyemdanganya ili nimhakikishie. Nilimhesabia karibu mwezi mzima. Halafu nikafanya ninachojua kufanya: asubuhi moja nikachukua begi langu, nikaondoka bila kumuaga.

Miaka ile iliyofuata nilifua shuka za hoteli, nikaendesha gari la maua, nikalinda maegesho kwenye kile kisiwa, ambacho sasa kilikuwa na watu na mashua na mikahawa. Nilitazama vioo vya minara kwa karibu, nikaona ni vioo tu. Nilipokutana na Mkenya yeyote wa kazi za nyumba sikuuliza alikotoka, nisije nikasikia habari za dada yule. Habari za Fundi ndizo zilizonifuata. Dereva mmoja aliniambia amemwona Al Khor, anatunza nyumba kuukuu inayopangishwa kitanda kitanda. "Mzee wa watu lakini ana vituko," alisema. "Haruhusu mtu kuwasha hita ya gesi. Anatuchemshia kwenye sufuria kama tuko kijijini."

Nilikaa na maneno hayo miezi miwili. Kisha chumba nilichokuwa nakaa kikavunjwa na mwenye nyumba, na Ijumaa moja, begi begani, nikapanda basi la kwenda kaskazini. Nilijiambia nakwenda kutafuta kitanda.

Al Khor nilikuwa sijawahi kufika. Nilimkuta uani baada ya sala ya Ijumaa, amekonda, ndevu nyeupe, daftari dogo mfukoni mwa kanzu. Alinitambua kabla sijafunga geti.

"Profesa! Ni wewe au nakosea?" Kisha haraka, kwa unyonge ambao zamani hakuwa nao: "Nakosea?"

"Ni mimi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba! Kaa." Alichukua birika lililokuwa mezani, akaandika kitu kwenye daftari kwanza, nikasoma kichwa chini: gesi nimezima. Vijana wawili walikuwa wanaanua nguo, mmoja Mkenya dereva, si yule aliyenipa habari, mwingine Mganda mlinzi wa usiku. "Njooni msalimie," akawaambia. "Mnamwona huyu? Kichwa changu kilipoanza kuniacha, huyu ndiye aliyekuwa anakumbuka kwa niaba yangu. Mimi niliacha kazi ya gesi kwa sababu nilisahau bomba moja, na binti wa watu akaumia. Huyu hakunicheka hata siku moja."

Wale vijana wakanipa mkono kwa heshima. Fundi akanimiminia chai, akatia sukari vijiko vitatu bila kuulizwa.

"Mzee," nikasema. "Paa la kumi na saba nilipanda mimi."

"Lipi?"

"La yule dada. Nilipanda mimi, wewe hukupanda. Sikufungua kofia. Nilikuwa natazama kreni ikiinua kioo, nikagonga tu. Na msimamizi alipouliza, nilidanganya."

Aliweka birika chini. Akalisogeza kidogo, likae katikati ya meza.

"Sema tena."

Nikasema tena. Mganda akashusha nguo alizoshika. "Banange, jamani," akasema.

"Mara ya tatu," Fundi akasema. "Hawa wasikie vizuri, ili kesho wasije wakaniambia nimeota."

Nikasema mara ya tatu, uso wangu ukiwaka, nikitaja kila kitu: hodi, goti, machungwa. Yule dereva hakunitazama tena. Alimtazama mzee. "Kwani wewe, jamaa," akaniambia akiwa ameelekea pembeni, "miaka yote hii ulikuwa unasubiri nini? Na chai yake umeinywa!"

"Kwa hiyo sikusahau," Fundi akasema.

"Hukusahau, Mzee."

"Sikusahau." Mara hii hakuwa akiniambia mimi. Kisha akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua tu: "Na zile rakaa ulizonihesabia. Zilikuwa nne kweli?"

"Zilikuwa nne kila siku. Naapa."

"Nitajuaje?"

Nikamwomba msamaha, na yule dada pia nikamtaja, nikasema nitamtafuta. Aliinuka akishikilia goti, akaangalia begi langu.

"Una pa kulala?"

"Sina."

"Kuna kitanda. Chumba cha mwisho, kitanda cha juu, karibu na mlango. Mwenyewe yuko likizo. Shuka utafua mwenyewe."

"Mzee, nisamehe."

"Nimekwambia kuna kitanda."

Nikaingia, nikapanda, nikaanza kutandika. Jua la alasiri lilikuwa bado kali dirishani. Nikamsikia akifungua madirisha ya ukumbini, moja baada ya jingine, kisha mlango wa bafu, kisha skrubu zikianguka juu ya vigae. Wale vijana wakasogea mlangoni kumtazama. Nami nikashuka, nikafika nyuma yao. Mfuniko wa hita ulikuwa umeshatoka, naye amelala kifudifudi, mikono imeingia ndani hadi viwikoni.

"Brashi," akasema.

Nikanyoosha mkono kuichukua.

"Si wewe," akasema bila kugeuka. Mganda akainama, akampa.